Ufa wa Ubao wa Muvure

Ijumaa iliyopita nilistaafu. Watu wa nyumbani Mugoma wakisikia neno hilo wanacheka, kwa sababu nina miaka thelathini na mmoja, na mstaafu wanayemjua wao ana mvi na anafuatilia mafao yake. Mimi nina mikono miwili iliyopasuka, miaka tisa ya jiko la hosteli moja pale Ngara mjini, na daktari aliyeniambia niachane na maji. Kwangu hayo yanatosha.

Velediana, wewe uliyepokea aproni yangu ulinisihi nikuandikie namna ya kutunza mbao za kukatia. Nilianza na orodha. Niliiandika mara nne, kila mara kwa mwandiko mzuri zaidi, na mara zote nne niliichana, kwa sababu kila nilipofika kwenye ule ubao mkubwa nilikuwa naruka jambo. Ubao ule una ufa. Siku yako ya kwanza uliniuliza nani aliupasua, nikakujibu kwamba ni habari ndefu, kisha nikaenda kunawa mikono. Nanawa mikono nikiwa na hofu, hilo nalo umeliona. Basi orodha nimeiacha, nakuandikia habari yenyewe. Ya kutunza mbao utayakuta humo humo ndani.

Nilifika hosteli nikiwa na miaka ishirini na miwili. Sikuwa nimesomea upishi popote. Nilikuwa na daftari moja la kurasa mia mbili nililolijaza mwenyewe: mapishi niliyoyasikia redioni, niliyoyaona kwenye harusi za majirani, na maswali niliyomuuliza mama yangu mpaka akachoka. Mpishi mkuu alikuwa Mama Daforoza, mwanamke kutoka Kirushya, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye kitambaa chake cha kichwa hakikuwahi kusogea hata siku za mvuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupika au kuandika?"

"Kupika, mama."

"Kalamu mbili za nini?"

"Moja ikiisha wino, mama."

Alinitazama kidogo. "Yewe," aliniita kwa lugha ya kwao, "menya hizo."

Lilikuwa beseni la ndizi mbichi. Nikafurahi, kwa sababu kumenya ndizi nilikuwa nimekujua tangu utoto na maganda yangu yalikuwa membamba kama karatasi. Nilimenya beseni zima, nikawa nazipanga juu ya ubao safi mistari kwa mistari, nikijua anaangalia. Nilipomaliza akaja, akainua ndizi mbili tatu na kuangalia chini yake. Utomvu ulikuwa umetapakaa ubao mzima na umeanza kuwa mweusi.

"Umemenya vizuri," alisema. "Ubao umeuua."

Nilikimbilia maji. Akanishika mkono kabla sijayamwaga. Hilo ndilo somo la kwanza, Velediana, na wengi waliopita hapo hawakulishika: utomvu wa ndizi huutangulizii maji. Maji yanaukaza ndani ya ubao na hautoki tena. Unaanza na kitambaa chenye mafuta, unasugua mpaka uachie, kisha chumvi, kisha ndipo kitambaa kibichi, tena kilichokamuliwa. Na kama una akili unapaka mafuta kwanza viganjani, kwenye kisu na juu ya ubao, kabla hujagusa ndizi. Mimi mama yangu alikuwa akimenyea juu ya jani la mgomba, kwa hiyo jambo la ubao sikuwa nalo. Ukiuangalia ubao wa mboga chini kushoto utaona doa lenye umbo la figo. Hilo ni langu, la siku ya kwanza. Nilijaribu kulitoa kwa miaka tisa.

Mbao zilikuwa tatu. Wa nyama ulikuwa wa mninga, mzito, ulionunuliwa kwa fundi wa mjini. Wa mboga na vitunguu ulikuwa mdogo. Wa tatu ndio ule mkubwa wa ndizi na unga, upana wake kama mlango wa kabati, nao haukuwa mali ya hosteli. Ulikuwa wa Mama Daforoza.

Ulitokana na muvure wa baba yake. Wewe umezaliwa huku, unaujua muvure, lakini naandika kwa yeyote atakayekuja baada yako: ni gogo lililochongwa ndani likawa kama mtumbwi, la kukamulia ndizi za pombe. Baba yake alikamulia humo tangu Mama akiwa mtoto. Mzee alipofariki, muvure ulikaa bila kazi nyuma ya nyumba mpaka pande zake zikaoza. Kitako kilibaki kizima. Kaka yake Mama, aliyekuwa fundi, alikikata, akakilainisha kwa tezo na randa, akampa dada yake. Mama akauleta jikoni kwa kuwa mbao za hosteli zilikuwa nyembamba na zilikuwa zikicheza mezani.

"Hapa nakatia chakula cha watu," aliniambia, akiupigapiga kwa kiganja, "lakini ni baba huyu."

Hilo sikuthubutu kuliandika.

Kwa mwaka mzima hakunikabidhi ubao ule. Niliruhusiwa kuupangusa, si kuuosha. Alinifundisha kuusimamisha kwa ubavu ukutani, hewa ipite pande zote mbili, mahali penye kivuli; ubao uliolazwa ukiwa mbichi unajikunja kama mkate. Alinifundisha kuunusa. Ubao unaonuka vitunguu unasuguliwa kwa nusu ya limau na chumvi, ule unaonuka samaki unarudiwa siku mbili. Alinifundisha kuupitishia kidole kinyume cha nyuzi za mti, na ukikwaruza, msasa laini. Na mara moja kwa mwezi, mafuta.

Hapo kwenye mafuta nilikosea kwa ubunifu wangu mwenyewe. Nilidhani mafuta ya kupikia ndiyo salama, nikaupaka ubao wa mboga mafuta ya alizeti mpaka ukang'aa. Baada ya wiki mbili ulinata kama gundi na kunuka kama kabati la mgonjwa. Mama alikuwa akitumia yale mafuta mepesi ya duka la dawa, yasiyo na rangi wala harufu, ambayo watu hupewa wakikosa choo. Mimi ndiye niliyetumwa kuyanunua kila mwezi, chupa mbili. Mwezi wa tatu muuzaji aliinama akaniuliza kwa sauti ya huruma kama huwa nakula mapapai. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza. Nilisema nitajitahidi.

Mafuta yale aliyachanganya na nta. Anaiyeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, anatia mafuta kidogo kidogo, anakoroga mpaka iwe kama samli. Nta ilitoka Nemba, upande wa Biharamulo, na aliyeileta alikuwa Mzee Shabani.

Mzee Shabani alikuja na gari la mkaa kila Jumatano. Gari halikuwa lake wala mkaa haukuwa wake, yeye alikuwa mpakuaji. Lakini nyumbani kwake Nemba alikuwa na mizinga, na kila mara alikuja na asali au donge la nta ndani ya mfuko wa suruali, limeshika umbo la paja lake. Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya matege, na alibeba gunia la mkaa begani huku akiongea.

"Dada Daforoza, wewe na wokovu wako bado unatunza mti wa pombe?"

"Na wewe na swala zako tano, bado unanusa?"

"Mimi nanusa tu. Kunusa hakujakatazwa."

Baada ya kupakua alinawa kwenye bomba la nje, na akigeuka alikuta sahani juu ya kizingiti cha dirisha la jiko: ndizi na maharage, imefunikwa kwa sahani nyingine. Hakuna aliyeagiza sahani hiyo na haikuwa kwenye hesabu ya wageni. Ilikuwa ya Jumatano ya Mzee Shabani, basi. Mama aliipakua kabla ya sahani ya mgeni yeyote.

Sasa nafika pale nilipokuwa naruka.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wangu wa pili. Mama alikwenda Kirushya kwa wiki moja kwa shughuli ya familia, na kwa mara ya kwanza akaniachia jiko. Alinikabidhi funguo, akanionyesha ubao wake. "Huu usiuguse sana," alisema. Jumanne yake tulikuwa na wageni wa semina, akina mama wa kanisa arobaini, watu wa maombi, wasiogusa pombe wala nyumba inayouza pombe.

Velediana, unaijua harufu ya ubao ule. Ukimwagikiwa na maji ya moto unatoa harufu ya mbali, tamu, ya maji ya ndizi yaliyoanza kuchachuka. Miaka yote ile ya kukamulia imo ndani ya mti. Sisi tulikwishaizoea. Lakini Jumatatu asubuhi nilimwaga maji ya moto juu yake, harufu ikapanda, nami nikawaona akina mama arobaini wakiweka vijiko chini kwa pamoja na kusema humu jikoni wanapika pombe. Niliona hosteli ikisemwa kanisani. Niliona Mama akirudi akute nimemwaibisha. Hakuna hata moja lililokuwa limetokea, lakini mimi jambo likishanipita kichwani, mwili wangu hauna habari kwamba bado.

Nikachukua karai kubwa la kufulia. Nikajaza maji ya moto sana, nikatia ile dawa ya kung'arishia mashuka, kofia nne za chupa. Halafu ya tano. Nikazamisha mbao zote tatu. Ubao wa muvure haukuzama, nikauwekea jiwe. Niliuacha kuanzia saa mbili asubuhi hadi karibu saa sita. Nilipoutoa ulikuwa mweupe kama mfupa, mzito, na nikaunusa, harufu ya ndizi haikuwepo. Nilifurahi. Nataka ujue kwamba nilifurahi sana. Nikapanda kwenye ngazi nikauanika juu ya bati la stoo, jua la kiangazi likiwa katikati ya kichwa.

Nilikuwa nakatakata nyanya niliposikia mlio. Ulikuwa mmoja tu, kama mtu amevunja ubua mkavu sikioni mwangu. Nilijua kabla sijatoka nje.

Ufa ulianzia ukingo mmoja ukaingia zaidi ya nusu. Na ubao wenyewe ulikuwa umejikunja, pembe mbili juu, umekaa pale batini kama chapati iliyosahauliwa. Niliuteremsha, nikaukalia. Kweli, niliukalia, nikidhani utanyooka. Kisha nikaupeleka stoo, nikausimamisha ukutani, mahali magunia ya mkaa yanapowekwa.

Akina mama wa semina walikuja, wakala. Mmoja wao, bibi mnene mwenye uso mwema, alikuja dirishani kurudisha sahani.

"Asante mwanangu. Ila ndizi zenu zina harufu ya wodi."

Jumatano Mzee Shabani alileta mkaa. Nilikuwa nimemwandalia sahani yake kama Mama alivyoniachia maagizo. Alipakua magunia sita, akala, akaondoka. Alhamisi Mama alirudi. Kabla hajavua viatu vya safari aliuliza ubao uko wapi, nikamwonyesha stoo kwa kidole. Aliingia. Alikaa humo muda mrefu kuliko unavyohitajika kuona ubao.

"Editha. Nini kimetokea hapa?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nililiandika hata kwenye daftari, sentensi nzima, nikaikariri. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa hiki: "Jana mkaa uliletwa, mama. Gunia lilikuwa limeegemea pale."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mkaa uliletwa jana. Gunia liliegemea pale. Nimewahi kudanganya mambo mengine maishani, lakini uongo uliotengenezwa kwa maneno ya kweli tupu ni huo mmoja, na ndio ulionichosha kuliko yote.

Mama hakugomba. Alipitisha mkono juu ya ufa mara moja, akafunga mlango wa stoo, akaenda kubadili nguo.

Jumatano iliyofuata gari lilikuja. "Dada Daforoza!" Mzee Shabani aliita kutoka nje, na Mama akajibu, "Mkaa weka palepale." Basi. Hakukuwa na utani. Alipakua, akanawa kwenye bomba, akageuka kuelekea dirishani. Kizingiti kilikuwa kitupu. Alisimama hapo, mikono inadondosha maji, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umehamishwa. Kisha akajifuta kwenye shati, akapanda gari.

Mimi nilikuwa ndani, hatua tatu kutoka dirishani. Ndizi zilikuwapo, maharage yalikuwapo, na sahani ziko mkononi mwangu.

Jumatano ya pili alinisubiri nitoke kumwaga maganda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Kuna kitu nimemkosea?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikasema, "Ni ule ubao. Umepasuka. Ulikuwa pale kwenye mkaa."

Alifikiri. Niliona macho yake yakirudi nyuma, yakihesabu magunia. "Gunia la tatu," alisema taratibu. "Lilinitoka kidogo begani. Yoo. Ubao wa baba yake!" Akaweka mkono kichwani. Mzee yule aliamini. Nilimpa kosa langu na yeye akalitafutia mahali, akaliweka kwenye gunia la tatu.

Wiki ile sikula vizuri. Nilinawa mikono mpaka vidole vikaanza kuchanika, ndiyo mara ya kwanza, na tangu hapo havikupona kabisa. Nilisugua masufuria yote ya hosteli chini, pale ambapo hakuna anayeangalia. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba nitamwambia Mama kesho asubuhi kabla ya chai, na chai inapita.

Jumatano ya tatu Mzee Shabani aliteremka garini na mfuko wa salfeti. Alikuwa na patasi, nyundo, kamba, vipande vya mti mkavu, na donge la nta kubwa kama ngumi mbili.

"Dada," alimwambia Mama mlangoni, bila utani, "nimekuja kutengeneza nilichoharibu. Mizinga yangu inapasuka kila kiangazi na naitengeneza. Kinu cha mke wangu nimekishona mara mbili. Nipe ubao."

Mama akaniambia, "Mletee."

Niliuleta kwa mikono miwili. Mzee Shabani aliupokea, akauweka magotini, akachuchumaa kwenye kivuli cha ukuta. Akaugeuza. Akapitisha kucha kwenye ufa kutoka ukingoni hadi unapoishia. Akaunusa. Akakunja uso.

"Ajabu," alisema. "Kitu kizito kikiangukia ubao, unavunjika pale kilipoangukia. Huu umeanzia mwisho. Tena umejikunja. Huu ni kama wa kukauka, si wa kupigwa."

Mama aligeuka. Mimi nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango.

Mzee Shabani akaangalia ubao tena, akatingisha kichwa, akasema kwa unyenyekevu kabisa, "Lakini ninyi ndio mlioona. Huenda gunia lilikuwa zito kuliko nilivyodhani." Akachukua patasi, akainama, akaanza kazi.

Njia ilikuwa wazi. Alikuwa ameushika ukweli mkononi, akaurudisha chini mwenyewe kwa heshima. Ningenyamaza dakika moja tu, na jambo lingekwisha milele. Hapo ndipo niliposhindwa.

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nyundo ilikuwa inapiga. Nikasema tena. Nyundo ikapiga. Mara ya tatu nilipiga kelele, "Ni mimi niliyeupasua!" na kwa bahati nyundo ilikuwa imesimama, kwa hiyo hadi dereva wa gari la mkaa alitoa kichwa dirishani.

Nikaeleza yote. Akina mama wa semina, harufu, karai, dawa, jiwe. Nilisema haraka haraka nikitazama miguu ya Mama.

"Kofia ngapi za dawa?" aliuliza.

"Tano, mama."

"Ukauanika wapi?"

"Kwenye bati, mama."

"Kwenye bati."

"Ndiyo, mama."

"Mwezi wa saba."

"Ndiyo, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

Alivuta pumzi kama aliyesikia habari ya msiba. Nilingoja anifukuze. Ruhusa ya kunifukuza nilikuwa nimeshampa moyoni. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kizingiti cha dirisha.

"Na huyu," alisema, si kwangu, "nimemnyima chakula Jumatano mbili."

Aliyemjibu ni Mzee Shabani. Alikuwa ameketi chini sasa, miguu imenyooka, ubao mapajani, na anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja chenye nta.

"Alhamdulillahi! Mwanangu, unajua wiki nzima hii nimebebaje magunia? Nimebeba kama mayai! Wenzangu wananiuliza, mzee, umekuwa bi harusi? Usingizi sikupata. Nasema mimi sasa nimezeeka, bega limekwisha, nitaacha kazi." Akalipiga bega lake. "Kumbe zima!"

Mama alimtazama. Akaingia jikoni. Alitoka na sahani, na si ya kizingitini. Alimletea mpaka pale chini, akampigia goti kama anavyopigiwa mgeni wa heshima, akasema, "Mzee Shabani, nisamehe. Sikukuuliza. Ilinipasa kukuuliza."

"Imekwisha, dada. Ila zipo sahani mbili."

"Zitakuja."

"Hii ni ya leo. Nazungumzia zile mbili."

"Editha atazimenya," alisema Mama.

Niliwahi kufaulu mitihani, na niliwahi kuponea ajali ya pikipiki pale mteremkoni kuelekea Mugoma. Sijapata kusikia mwili wangu ukiwa mwepesi kama siku ile nikimenya ndizi za adhabu, machozi yanadondoka kwenye beseni, Mzee Shabani akinielekeza kwa sauti kubwa kutoka nje kwamba ananitaka nimenye za kushiba.

Kazi ya ubao haikuisha siku ile. Kwanza aliunyoosha: ule upande ulioingia ndani ukalazwa chini juu ya gunia lililoloweshwa, mawe juu, kivulini, siku tatu, tukibadili maji asubuhi. Ukanyooka karibu wote. Kisha ukakauka taratibu wiki nzima, umesimama kwa ubavu. Aliporudi, aliubana kwa kamba iliyonyongwa kwa kijiti mpaka ufa ukawa mwembamba kama uzi, akaugeuza, akachimba kwa patasi upande wa chini na kupachika vipande viwili vya mti mgumu, vipana miishoni na vyembamba katikati, kama mbawa za kipepeo. Hivyo ndivyo vinavyoushika mpaka leo. Ufa wenyewe akaujaza nta iliyochanganywa na unga wa mbao. Nta hiyo inaisha, Velediana. Kila baada ya miezi kama mitatu utaona ufa unameza unga. Ujaze tena. Usitumie gundi. Na usiukatie nyama.

Nilidhani Mama hatanikabidhi tena. Ubao ulipokuwa tayari aliuweka mikononi mwangu.

"Utautunza wewe," alisema, "mpaka siku utakayoondoka. Umeshajua kinachouua."

Sikuelewa kama ni adhabu au ni heshima, na kwa kuwa mimi ni mimi nilimuuliza. Alisema niache maswali nikachemshe maharage.

Basi nikautunza. Mama alipostaafu na kurudi Kirushya, miaka miwili iliyopita, nilimfungia ubao wake kwenye kanga aondoke nao. Akaufungua palepale, akaurudisha mezani. "Kule nitamkatia nani?" Kila mwezi hunipigia simu, na salamu yake ya kwanza ni kuuliza kama umepakwa mafuta.

Kitu ambacho nilidhani hakuna aliyekijua ni kwamba kila jioni, kwa miaka tisa kasoro, sikuondoka kabla ya kuugeuza nione vile vipepeo viwili viko mahali pake. Mara nyingine nilifika getini nikarudi. Mara nyingine nilifika sokoni nikarudi. Siku moja nilirudi kwa bodaboda, nikamwambia dereva nimesahau dawa.

Mwaka huu mikono ilizidi. Daktari aliishika, akaigeuza, akaniuliza nanawa mara ngapi kwa siku. Nilimwambia huwa naacha kuhesabu nikifika thelathini. Akasema ngozi nimeiondolea mafuta yake yote, ndiyo maana inapasuka. Nipunguze maji, niache sabuni kali, nikae kivulini, nipake mafuta asubuhi na jioni. Nikaanza kucheka mle ofisini kwake, akadhani nimechanganyikiwa. Ni maneno ya Mama kuhusu ubao, neno kwa neno. Miaka tisa nimeyatekeleza kwa mti na sikuwahi kufikiri kuwa mimi nami nina ngozi. Wiki ijayo naanza kusimamia duka la mbegu la dada yangu, Mugoma. Mbegu zinataka ukavu. Tutapatana.

Mzee Shabani alikuja Jumatano ya mwisho. Siku hizi hapakui, anapanda mbele na dereva na kutoa amri. Alinipa donge la nta, dogo, lina umbo la paja lake kama zamani. "Hii si ya ubao," alisema. "Ni yako wewe." Akala sahani yake, akalalamika kwamba maharage yana chumvi kidogo.

Ijumaa jioni nilikuaga, Velediana, nikakuachia aproni. Nilifika getini. Nikakumbuka sijaugeuza ubao. Miguu ikasimama yenyewe, kama kawaida yake, na viganja vikaanza kuwasha. Nikageuka kutazama dirisha la jiko.

Hapo nikasikia, kutoka ndani, mlio ninaoujua kuliko sauti yangu: ubao mzito unageuzwa mezani, kimya kidogo, kisha unasimamishwa kwa ubavu ukutani. Tu.

Nikafungua geti, nikaenda zangu nyumbani.